Nilivyoidhibiti ndago katika shamba la mahindi Mwakirunge

Shamba letu la Mwakirunge, upande wa Kisauni, Mombasa, lina udongo wa kichanga ambao mvua ikinyesha leo, kesho kutwa umekwisha kukauka. Udongo wa namna hii haushiki maji wala mbolea, na kwa hiyo kila gugu linaloota ndani yake linayanyang'anya mahindi kile kidogo kilichopo. Kati ya magugu yote yaliyotusumbua, hakuna lililonishughulisha kama ndago. Nitaeleza kwa urefu jinsi nilivyoipunguza, kwa sababu naamini kwamba mkulima wa Pwani akishaiweza ndago, kazi ya maji na ya rutuba humwia nyepesi.

Ukiifukua ndago taratibu kwa mkono, utakuta chini ya shina lake kiazi kidogo cheusi, na kutoka kwenye kiazi hicho mzizi mwembamba unaoelekea kwenye kiazi cha pili, kisha cha tatu, vimefuatana kama shanga za tasbihi. Maadamu vimeungana na vile vilivyochipua viko hai, vingi kati ya vilivyobaki hulala tu ardhini. Jembe likipita na kuikata ile mizizi, kila kiazi kilichotengwa hupata nafasi ya kuchipua chenyewe, ndiyo maana shamba lililopaliliwa juu juu hurudi kuwa kijani kabla mahindi hayajafika magotini. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye amelima mihogo na mahindi hapo tangu ujana wake, aliniambia, "Mwanangu, ndago haikatwi, hung'olewa na viazi vyake, tena wakati wa jua." Nilimwitikia, "Naam, mzee," na kazi yangu yote niliijenga juu ya neno hilo.

Wakati wa jua kwetu ni kaskazi, hasa Januari na Februari, mvua inapokuwa imekatika na mchanga wa juu umekauka kabisa. Nilitumia jembe uma badala ya jembe la kawaida, kwa kuwa meno yake huinua mzizi mzima pamoja na viazi vyake, ilhali bapa la jembe huvikatakata. Viazi vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, kwa hiyo si lazima kuchimba sana. Kinachotakiwa ni kutoacha sehemu yoyote. Baada ya kuinua udongo nilivikusanya viazi kwa reki na kuvitandaza juani, nikivigeuza mara kwa mara, mpaka nilipovivunja kwa kucha na kuona ndani vimenyauka na kuwa vigumu. Kiazi cha ndago kinaweza kuvumilia mengi, lakini hakivumilii kukauka. Kazi hiyo hiyo ikifanywa wakati wa masika haina faida, kwani unyevu wa udongo unavirudishia uhai vile ulivyovitawanya.

Kuchimba peke yake hakutoshi, na hapa ndipo kunde ilipofanya kazi ambayo jembe haliwezi. Ndago hupenda jua kali; ikifunikwa na kivuli hudhoofika na kuunda viazi vichache. Mvua za masika zilipoanza nilipanda mahindi ya Pwani Hybrid 4, mbegu inayofaa nyanda za chini kama zetu, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na katikati ya mistari nikapanda kunde ya aina inayotambaa. Palizi ya kwanza niliifanya mapema, mahindi yangali machanga, na baada ya hapo majani ya kunde yaliifunika ardhi. Kunde hiyo pia huongeza naitrojeni kwenye udongo kupitia vinundu vya mizizi yake, na majani yake tuliyachuma kwa mboga ya nyumbani.

Kuhusu maji, nilitandaza makuti makavu na makumbi ya nazi mahali ambapo kunde haikufika, na vitu hivyo tunavyo kila boma. Samadi sikuimwaga shamba zima, bali niliitia ndani ya kila shimo la kupandia, na mbolea ya kukuzia niliigawa mara mbili, kwa sababu mvua kubwa za Mei huzamisha mbolea ya chumvichumvi kwenye kichanga kabla mizizi haijaifikia.

Kiwavijeshi vamizi, funza mla mahindi ambaye aliingia Kenya mwaka 2017, nilimkabili kwa kukagua tu. Alfajiri nilikuwa nikifungua moyo wa kila mche wa mahindi na kutazama majani yenye madirisha meupe, yaani sehemu alizokwangua funza, na kinyesi kibichi. Funza mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani nilimponda, na mafungu ya mayai yaliyobandikwa kwenye majani nikayasugua kwa vidole. Shamba dogo linawezekana kwa njia hii. Funza akishakua na kujificha ndani kabisa, dawa yoyote humfikia kwa shida, kwa hiyo siku za mwanzo ndizo zenye thamani.

Ndago haijaisha shambani mwetu. Inarudi kutoka kwenye kingo za njia na, mara nyingi zaidi, ndani ya samadi na mchanga tunaoletewa kutoka kwingine, kwani viazi husafiri humo bila kuonekana. Siku hizi kila mzigo wa samadi unamwagwa kwanza kwenye turubai na kuchekechwa kwa wavu, na jembe lililotumika pembezoni linasafishwa kabla ya kuingia katikati ya shamba. Kaskazi ijayo nitaanzia kwenye kingo hizo, kisha nitapanda kunde hadi mwisho wa mpaka.