Anza na Sensa, Rimu Baadaye

Kitindamimba wetu anaishi Minnesota, na hunitafuta saa ambazo mimi nachemsha chai. Kwake ni saa nne usiku, ametoka kazini. Hapa Nairobi ni saa kumi na mbili asubuhi. Oktoba iliyopita simu ililia, nikafuta mikono, nikakuta picha: rimu nne nyeusi za spoti, inchi 18, zimelazwa kwenye sakafu ya gereji ya mtu nisiyemjua. Chini yake ameandika, "Dada, hizi zitaingia kwa RAV4? Muuzaji anataka jibu leo."

Nauza rimu na matairi Kirinyaga Road, huu ni mwaka wa kumi na moja. Rimu nyeusi inayong'aa hainibabaishi. Nikamwambia apige picha ya upande wa nyuma, panapochorwa namba, na nilipokuwa nikiingoja nikamuuliza, "Sensa zako zinaongea lugha gani?"

"Dada, mimi nimekuuliza rimu."

Ndiyo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Sensa ninayosema si ile ya kuhesabu watu. Ni kidude cha gramu kama 30 kinachofungwa nyuma ya valvu, ndani ya gurudumu, mahali usipoweza kukiona mpaka tairi litolewe kwenye rimu. Kina betri, kipimo cha presha na redio ndogo. Gari likianza kutembea kinaamka, kinatangaza presha pamoja na namba yake, maana kila sensa huzaliwa na namba yake kama sisi na vitambulisho vyetu. Kompyuta ya gari nayo ina orodha ya namba inazozitambua. Namba ngeni haisikilizwi, hata ipige kelele namna gani. Presha ikishuka, inawaka ile taa ya njano inayofanana na chungu chenye alama ya mshangao. Wateja wangu huiita taa ya chungu, nami sijaona sababu ya kuwarekebisha.

Marekani waliitaka taa hiyo kwa uchungu. Mwaka 2000 matairi ya Firestone yaliyofungwa hasa kwenye Ford Explorer yalirudishwa kwa mamilioni baada ya vifo vingi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyozaa mfumo huu; kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lilipaswa kuwa nao. Ulaya wakalazimisha kwa magari madogo mapya yote kuanzia Novemba 2014. Sisi wa Grogan, eneo hili la Kirinyaga Road, jina la Firestone tunalijua kwa njia nyingine: kiwanda chao cha Industrial Area ndicho kilichokuja kutuletea matairi ya Yana, hadi kilipofunga milango mwaka 2016. Peugeot ya baba ilivaa Yana miaka yote, na sensa yake ilikuwa teke la kiatu kila asubuhi.

Turudi kwa rimu nyeusi. Picha ya nyuma ilipofika nikaona 5x112. Hiyo ni boliti tano kwenye duara la milimita 112, mpangilio wa akina Volkswagen na Audi. RAV4 yake, Toyota ya mwaka 2015, ni 5x114.3. Milimita mbili na ushee zinaonekana ndogo ukizitazama kwenye simu. Kwenye habu haziingii hata kwa maombi.

Swali lake la pili lilikuwa la maana zaidi: kwa nini anunue rimu kabisa? Si atoe matairi ya kiangazi, avalishe ya theluji kwenye rimu zile zile, kisha Aprili arudishe? Anaweza. Lakini hiyo ni mara mbili kwa mwaka mdomo wa tairi unabanduliwa kwa nguvu, na kila mara mashine inapita sentimita chache kutoka kwenye kidude cha plastiki kilichozeeka. Hapa kwetu nimeona fundi akianza kubandua kwa mtaimbo palepale kwenye valvu. Unasikia tu *tak*, na elfu kadhaa za mteja zimeondoka. Sasa kabla mtaimbo haujainuliwa nauliza kwanza kama kuna sensa, na tukianza, tunaanzia mbali na valvu. Zaidi ya hayo, barabara za kule zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inatafuna rimu ya spoti kama mchwa. Ukiwa na seti ya pili unalegeza naati tano kila gurudumu, unainua kwa jeki, unabadilisha, basi.

Kwa hiyo seti ya pili, na rimu za chuma, zile nyeusi ambazo vijana wa Nairobi hawataki kuziona. Saizi nayo nikamteremsha. Gari lake lilikuwa na 235/55R18 (upana milimita 235, ukuta asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 18), lakini kiwanda kiliiuza RAV4 ya kizazi hicho pia na 225/65R17. Kimo cha gurudumu zima kinatofautiana kwa milimita 9 tu, kwa hiyo mita ya mwendo haidanganyi kwa kiasi cha kukusumbua. Tairi jembamba hukata theluji likatafuta ardhi, pana huelea juu yake. Ukuta mrefu nao husamehe mashimo, na inchi 17 ni bei nafuu. Hapa mteja akiniambia "nipandishe" anataka inchi 19 na tairi lenye ukuta mwembamba kama chapati, halafu ananirudia na rimu iliyopinda kutoka barabara ya Outering.

Kitu kimoja kidogo nusura tukisahau: naati. Rimu za spoti za Toyota za kiwandani hufungwa kwa naati zenye washa bapa, wakati rimu za chuma zinataka naati zenye mdomo wa koni. Ukichanganya, zinakaza kwa macho tu. Akanunua ishirini mpya, na akaazima spana ya kupima nguvu, futi-pauni 76.

Kuhusu matairi yenyewe sikuwa na mengi. Nilimwambia atafute ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, asiridhike na M+S (matope na theluji) peke yake, kwa sababu M+S ni neno la mtengenezaji, halina mtihani nyuma yake. Ile ya mlima ina mtihani.

Hapa nitoke nje kidogo, kwa sababu matairi hayo hayo yanafika Kirinyaga Road bila kuitwa. Gari lililoishi Hokkaido, kule Japani kwenye theluji, hushuka Mombasa likiwa na viatu vyake vya baridi, ubavuni pameandikwa STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari, meno marefu, yamejaa mikato midogo midogo kama kisamvu kilichokatwa na mtu mwenye subira. Mwenye gari anafurahi. Juzi alikuja bwana mmoja na Subaru Forester, akanionyesha matairi yake ya Blizzak kama mtu anayeonyesha picha za mahari. "Mama, hizi ni mpya kabisa." Nikamwambia abonyeze kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Mpira huo umechanganywa uwe laini chini ya nyuzi 7 hivi, pale tairi la kawaida linapokuwa gumu kama ubao. Nairobi hata ile Julai ya sweta mbili ni nadra kufika huko. Kwenye lami ya mchana, ukiwa umebeba familia kuelekea Mombasa, meno yale yanajikunja, gari linayumba kwenye kona, breki inachelewa, na mpira unaisha kabla hujazoea. Kisha nikamsomea tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 3816, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2016. Akakaa kimya. Hakununua siku hiyo, na sikumlazimisha.

Sasa sensa. RAV4 ya Marekani ya mwaka ule inasikiliza masafa ya redio ya megahezi 315. Gari la Ulaya kwa kawaida husikiliza 433. Hiyo ndiyo lugha niliyokuwa nikimuuliza. Kijana wetu, badala ya kunisubiri, aliona bei nzuri mtandaoni, akaagiza nne, akafungiwa kwenye rimu mpya na jamaa wa mtaani kwake. Kesho yake nikapokea video ya dashibodi. Taa ya chungu ilipepesa, ikapepesa, zaidi ya dakika nzima, halafu ikatulia ikiwa imewaka.

Kama kuna kitu kimoja utabeba kutoka hapa, beba hiki. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, ni upepo, toa geji. Ikipepesa kwanza kama dakika moja ndipo itulie, kosa si la upepo, ni la mfumo wenyewe, mara nyingi umekosa sensa. Nikamwambia asome kiboksi. 433. Alikuwa amenunua wazungumzaji wanne wa lugha ambayo gari lake halijui.

Akakata tamaa. "Si tuache bila sensa? Taa iwake tu, kwani Nairobi nani anajali?" Kwanza, mimi najali. Pili, gereji iliyofuata ilimkatalia: sheria ya Marekani hairuhusu gereji kuzima kwa makusudi mfumo wa usalama unaofanya kazi, na wengi hawataki hata kuukaribia mstari huo. Wangemfungia magurudumu yenye sensa au asimame hapo nje na jeki yake.

Kilichomwokoa ni sensa zinazoandikika. Hizi hutoka dukani bila namba ya kudumu. Fundi anashika kifaa mkononi, anasoma namba ya sensa ya zamani hewani, anaiandika kwenye mpya. Mapacha. Gari halijui kama umebadilisha magurudumu, na kila msimu huna haja ya kumlipa mtu alifundishe upya. Sensa za zamani hazikufaa kuhamishwa, kwani betri imezibwa ndani, haibadilishwi, na huishi kati ya miaka mitano na kumi. Za kwake zilikuwa zimefika kumi. Na kweli, tatu zilijibu kifaa, ya nne kimya. Imekufa. Utanakili vipi namba ya maiti? Fundi akachomeka waya chini ya usukani, akaivuta namba hiyo kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Sensa moja dola 45, mara nne. Mdogo wangu alilalamika kuhusu hizo dola kuliko alivyolalamika kuhusu matairi. Nilimwonya jambo moja: pacha hao wasisafiri pamoja. Seti isiyotumika ikae stoo, isiwekwe kwenye buti, maana ikitikisika inaamka na kuanza kujibu jina lile lile.

(Kabla hujaja kaunta kuniuliza sensa za Golf ya kizazi cha saba au Mazda CX-5: kwenye nyingi ya hizo hazimo ndani ya tairi. Hizo hutumia vihesabio vya mzunguko wa magurudumu, vile vya breki za ABS. Tairi lililopungua upepo huwa na kimo kidogo, hivyo linazunguka mara nyingi zaidi ya wenzake, na kompyuta inashtuka. Jaza upepo, kisha weka mfumo upya. Hakuna fundi aliyekuibia. Mwezi jana nilimtetea fundi wangu dhidi ya mteja aliyekuwa tayari kwenda polisi.)

Januari, saa tisa alasiri hapa, kwake alfajiri, simu ikalia. Mama alikuwa ameketi nami dukani, amekuja mjini kwa dawa zake. "Dada, zimekufa tena! Zote!"

"Imepepesa?"

Kimya. "Hapana. Imewaka tu."

"Nje nyuzi ngapi?"

"Hasi 25."

Tukapiga hesabu pamoja. Alijaza upepo ndani ya gereji yenye joto, nyuzi 20, presha 32 kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Presha hushuka kwa 1 hivi kila joto linapopungua nyuzi 5 na nusu. Kutoka 20 hadi hasi 25 ni nyuzi 45, kwa hiyo imepotea 8. Imebaki 24, ambayo ni robo nzima chini ya 32, na robo ndipo sheria yao inataka taa iwake. Sensa za dola 45 zilikuwa zimefanya kazi yake. Nikamwambia ajaze hadi 32 katika baridi hiyo hiyo, asingoje jua.

Mama alikuwa amesikiliza yote, simu ikiwa kwenye spika. Akauliza kama huko hata upepo nao unahisi baridi. Nikamwambia ndiyo, unajikunyata.

"Basi mwambie mtoto arudi nyumbani."