Nukta Tatu za Kipepeo

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta picha kwenye barua pepe yangu ya zamani, akaniita: "Mama, huyu كِپِپِئُو ni nani?" Nikasahau mahamri yaliyokuwa kwenye mafuta.

Ni mimi. Mwaka 2009 nilijiunga na jumuiya ya mtandaoni ya Kiingereza ya wapenzi wa vyombo vya matanga. Nilitaka kuwaeleza habari za mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Nikajisajili kwa jina aliloniita bibi, Kipepeo, na kwa herufi alizozijua yeye. Saiba yetu ya Mji wa Kale haikuwa na kibodi ya Kiarabu, na hata ingekuwa nayo, Kiarabu hakina p. Niliitafuta پ, p yenye nukta tatu, katika jedwali la herufi la kompyuta, nikanakili herufi mojamoja huku dakika nilizolipia zikiyoyoma.

Wiki tatu baadaye msimamizi akaniandikia, kwa adabu: wanachama hawawezi kulisoma jina lako wala kulichapa, libadilishe ndani ya siku saba.

Niliuchapisha ule ujumbe, nikampelekea bibi barazani baada ya magharibi. Akavaa miwani, akaushika kwa mkono mmoja karibu na taa. Kiingereza chote alikiruka. Kidole chake kikatua juu kabisa, penye jina, kikaanza kutembea kutoka kulia. "Ki. Pe. Pe. O." Akanitazama. "Ndiwe huyu! Lakini nukta tatu za nini? Sisi twatia moja."

Kweli, wazee waliandika p kwa herufi ya b, yenye nukta moja, na kasra ile ile, alama ya chini ya herufi, ikawa i au e. Anayeijua lugha ndiye aliyeamua. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi hizo tangu enzi za barua za Kilwa za 1711, zilizohifadhiwa Goa, India.

Nikamwambia wanasema halisomeki.

"Wamekuuliza lasomwaje?"

"La, bibi."

"Mbona hawakuuliza?"

Nilikosa jibu. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya karatasi. Bibi huyu aliwaandikia majirani barua za kwenda Lamu na Maskati, lakini ofisi moja ilimwandika kuwa hajui kusoma, ikamtaka atie kidole hicho hicho kwenye wino.

Hoja ya msimamizi naielewa: jina usiloweza kulitamka, mwenyewe utamwitaje? Ila njia zipo. Wikipedia ya Kiingereza huyakubali majina ya herufi zisizo za Kilatini, na huwashauri wenyewe waongeze Kilatini kwenye sahihi zao. Mimi hiyo ingenitosha.

Siku ya sita nikalibadilisha. Niliutaka mtepe uzungumzwe, na ukazungumzwa sana. Bibi sikumwambia. Alifariki 2012, na hadi mwaka wake wa mwisho alikuwa akiniuliza kama Wazungu wamekwisha jua kunisoma. Nami nilimjibu, bado kidogo. Sijui kama nilikuwa namlinda yeye au najilinda mwenyewe.

Binti yangu akaniletea daftari nimwandikie jina lile ili alinakili. Nikaandika kaf, nikatia kasra chini yake. Nilipofika kwenye p kalamu ikasita: nitie nukta tatu, nilizozitoa kwenye kompyuta, au moja, ya bibi?