Usiku mwezi ulipopatwa, mimi na lenzi ya 300

Ijumaa tarehe 27 Julai 2018 nilikua Tanga, Ngamiani kwa bibi, na kamera nlishaiandaa tangu mchana maana kupatwa kwa mwezi kwa usiku ule ndo kulikua kurefu kuliko kote karne hii, mwezi mzima unakaa ndani ya kivuli cha dunia saa moja na dakika 43. Msikitini walishatangaza swala ya kupatwa. Bibi akaenda kuswali na mimi nikapanda juu ya paa la zege na stendi na lenzi yangu ya zuumu, 70-300, yani kwenye 70 inaona eneo pana, kwenye 300 inavuta karibu.

Saa tatu na nusu hivi kivuli kikaanza kuumega mwezi. Hapo bado rahisi, mwezi una mwanga mwingi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 na shata (muda wa kupokea mwanga) 1/250 ya sekunde unapata mpaka mashimo yake. Kazi ilikuja saa nne na nusu ulipoingia wote ukawa mwekundu wa kutu, mwanga umepotea kabisa, nikapandisha ISO mpaka 3200 na shata nusu sekunde, zaidi ya hapo kwenye 300 mwezi unaacha mkia kwa sababu dunia inazunguka na lenzi ndefu inakuza kila kitu hadi huo mwendo. Kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, nikakizima, maana juu ya stendi kinahangaika bure, taima sekunde mbili ili kidole kisitikise, fokasi kwa mkono huku nimekuza skrini mara kumi naangalia ukingo wa mwezi tu. Alafu mwezi ulishapanda karibu na utosi, kwahiyo lenzi ikitazama juu bomba lake linateleza lenyewe kurudi ndani, umeweka 300 unakuta 200, nikalifunga na selotepu ya karatasi likatulia.

Picha zikatoka nzuri, mwezi mviringo kabisa, chini mweusi kidogo juu kama shaba. Ila macho yangu yalikua yanaenda pembeni, upande wa kusini, pale ilipokua Mars. Usiku uleule sayari hiyo ilikua mkabala na jua, yani jua upande huu wa dunia yenyewe upande ule, inawaka rangi ya chungwa kuliko nyota yoyote, na kwenye 300 haiingii kwenye fremu hata ufanyeje, iko mbali na mwezi kama upana wa miezi 12 hivi. Nikabandua selotepu nikarudisha zuumu mpaka 70. Yani hapo ndo nikaona kitu chenyewe, vyekundu viwili kwenye giza moja, mwezi umekua mdogo lakini una mwenzake! Mimi mpaka leo nasema zuumu watu wanainunua kwa ajili ya ile namba kubwa tu, wakati picha ya usiku ule ilikua kwenye namba ndogo.

Bibi akarudi msikitini, akaita kutoka chini, "Mjukuu wangu, umeuona?" Nikashuka na kamera nikamuonyesha kwenye skrini. Akaishika kwa mikono miwili akaangalia muda mrefu. "Sie zamani tukiambiwa kaliwa na samaki chewa," akasema, "kumbe yuko mzima, kabadilika rangi tu."

Nikampeleka kwenye ile yenye Mars, nikamueleza kile kidoa ni dunia nyingine kabisa. Akaitikia, alafu akabonyeza mwenyewe kurudi nyuma.

"Hii ya karibu ndo unioshee," akasema, "niiweke ukumbini."

Nikamuoshea ya 300. Ya 70 ninayo mimi.