Treni ya Kumfuata Mama Dodoma

Vyombo vilitangulia kwa Fuso. Godoro, feni, kabati la nguo ambalo baba alilifungua vipandevipande, na ndoo zilizojaa vitu ambavyo mama alipiga simu kusisitiza visitupwe, vyote viliondoka Tabata usiku ili dereva aikwepe foleni ya Kibaha. Mimi nikafuata kesho yake kwa treni ya umeme. Ilikuwa katikati ya Oktoba 2024. Chuo nimemaliza, ajira bado iko kwenye maombi, na nyumba ya mama Dodoma ina chumba ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kikilaza magunia ya mahindi.

Niieleze kwanza hiyo nyumba ya mama, maana watu wakisikia kuna nyumba ya mama na nyumba ya baba wanaanza kunipa pole. Wazazi wangu hawajaachana. Mama ni mtumishi wa wizara, na wizara yake ilikuwa miongoni mwa zilizofungasha mapema baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti, na wateja wake hawakuhamishwa na mtu. Kwa hiyo mama akaenda na mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, baba akabaki na mimi na bibi. Tangu hapo tumekuwa familia ya sikukuu na likizo: kila mara kuna mmoja wetu anashuka kwenye basi Ubungo, na baadaye Mbezi, miguu imevimba, ana mfuko wa zabibu mkononi.

Bibi, mzaa baba, aliniaga asubuhi akiwa kwenye mkeka wake.

"Mume wangu, na wewe wanakuhamisha?"

"Hanihamishi mtu, bibi. Nahama mwenyewe."

"Haya," akasema. "Hata sisi tuliambiwa tumehama wenyewe."

Bibi akishasema neno la namna hiyo haongezi. Anaendelea na chai yake, wewe unabaki nalo.

Stesheni ya Dar es Salaam imejengwa kwa kufuata umbo la tanzanite, na ukiingia mizigo yako inapita kwenye mashine ya ukaguzi, jambo lililomshinda mama mmoja aliyekuwa mbele yangu na kuku wake wa kuchoma aliyefungwa kwenye foili. Kila mtu pale alitaka kujua kuku huyo anaonekanaje kwenye skrini. Tiketi ya daraja la kawaida hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Safari zenyewe zilikuwa bado changa, zilianza tarehe 25 Julai mwaka huohuo, kwa hiyo nusu ya behewa walikuwa wanajipiga picha. Na mimi nilijipiga, sitakataa.

Treni inatoka mjini ikiwa juu ya daraja refu, na unaiona Ilala kwa namna ambayo mkazi wake haioni: mabati yaliyopata kutu, matairi yaliyowekwa juu kuzuia upepo using'oe paa, nguo kwenye kamba, watoto wanapunga mikono. Kisha Pugu, kisha msitu, kisha Soga. Kwenye skrini ya behewa mwendo unapanda hadi kilomita 160 kwa saa. Mwenzangu wa kiti aliitazama ile namba kuliko alivyotazama nje.

Tulipovuka Ruvu nikarudi kwenye lile neno la bibi. Yeye ni mtu wa Rufiji, wa bondeni kabisa, kwenye ardhi ambayo mto unaifunika na kuiachia tope la kulimia mpunga. Mpunga ukikaribia kuiva familia nzima ilihamia shambani na kulala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Yalipokuja mafuriko ya 1968, serikali ikawatoa watu bondeni na kuwaweka pamoja katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, ng'ambo ya kaskazini ya mto. Bibi alikuwa msichana mdogo. Hakatai kwamba huko walipata shule, na ndiyo maana anasoma Kurani na gazeti kwa miwani ileile. Malalamiko yake ni mafupi: shamba halikuhama. Lilibaki kulekule bondeni, likawa la kulifuata kwa miguu, alfajiri unatoka, magharibi unarudi, na usiku mpunga unabaki na nguruwe.

Kwa hiyo katika ukoo wetu bibi alihamishwa na sera ya vijiji, mama akahamishwa na sera ya makao makuu, na mimi ninayejidai nahama mwenyewe ninamfuata aliyehamishwa. Nilijaribu kumtafuta mtu kwetu aliyewahi kuhama kwa sababu tu alipapenda mahali. Nikampata mjomba mmoja aliyekwenda Tanga kwa ajili ya mwanamke.

Morogoro watu wengi walishuka, na milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu kama kawaida yake. Mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki akaja kuketi mbele yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unakwenda Dodoma kutafuta nini?"

Nikamwambia nahamia. Akacheka kidogo, akaweka bahasha mapajani. Alikuwa mtumishi wa umma aliyestaafu 2015, na alikuwa anafuatilia karatasi zake. Zamani angezifuatilia Dar es Salaam, sasa zimehamia huko tuendako. Mwaka 1973, TANU ilipoamua kwamba makao makuu yaende Dodoma, alikuwa na miaka kumi na minane. Mpango ulisema kazi itakamilika ndani ya miaka kumi.

"Nikapiga hesabu," akasema. "Nikifika ishirini na nane nitakuwa na ofisi Dodoma. Nimeisubiri mpaka nimestaafu, na mwaka uliofuata ndiyo wakahama!"

Nikamuuliza walichelewa kwa nini. Alikuwa na sababu zake: fedha hazikuwepo, vita vya Kagera vikaja, na wakubwa hawakutaka kuiacha bahari. Mimi nilikuwa tayari kuziamini zote tatu, ila ya tatu aliisema kama mtu aliyekaa nao vikaoni. Ofisi ya kuujenga mji, CDA, iliundwa mwaka huohuo wa 1973 na ikadumu hadi ilipovunjwa 2017. Bunge nalo lilitangulia kuhamishia mikutano yake huko, kwa hiyo kwa miaka mingi wabunge walikuwa wanakwenda Dodoma kujadili, kisha wanarudi Dar es Salaam kuishi.

Halafu ikaja 2016 na mambo yakawa ya mbio. Waziri Mkuu Majaliwa alihamia Septemba ya mwaka ule, Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019, na sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ilipitishwa na Bunge 2018, watu wakiwa wameshafika na kupanga nyumba. Mimi hapa ndipo huwa sielewani na wenzangu. Rafiki zangu wengi wanasema ndivyo kazi inavyofanyika: mtu mmoja anaamua, mambo yanakwenda. Na kweli yalikwenda, nimekaa kwenye treni inayonipeleka. Lakini mwaka 1973, katika nchi ya chama kimoja, angalau matawi ya TANU nchi nzima yaliulizwa, na mengine yalikataa. Mama yangu hakuulizwa chochote. Alipewa barua. Najua mtumishi huenda anakopangiwa, mama mwenyewe atakuwa wa kwanza kuniambia hivyo. Bado nadhani anayesubiri miaka arobaini na mitatu angeweza kusubiri mwezi mmoja zaidi awaulize watu wana watoto shule gani.

Dada aliyekaa upande wa pili wa njia akatoa spika moja ya sikio. "Samahanini," akasema, "mimi siasa haziniingii kabisa." Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa ajira serikalini.

"Usaili uko wapi?" mzee akamuuliza.

"Dodoma."

"Na kwenu ni wapi?"

"Kibaha."

Mzee akatingisha kichwa, hakusema kitu. Dada akarudisha spika sikioni, lakini niliona hajabonyeza muziki.

Baada ya Kilosa reli inaachana kabisa na njia ya basi niliyoizoea. Basi linapita Dumila na Gairo. Treni inaingia milimani, inapita kwenye mahandaki, simu zinakata, watu wanasema "aaah" kwa pamoja. Pembeni unaliona bonde la Mkondoa, mto ambao mara nyingi umeizoa reli ya zamani, ile waliyoanza kuijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Mzee alisinzia humo mahandakini. Alipoamka tulikuwa tumeshapita Gulwe, nchi imekuwa ya rangi ya udongo, mibuyu imesimama bila jani, na makorongo ni mchanga mtupu. Mvua za huku ni msimu mmoja tu, na Oktoba bado hazijafika.

Safari nzima ni kama saa nne. Kwa basi ningekuwa bado natafuta chipsi Morogoro.

Mama alikuja kunipokea na bajaji. Swali la kwanza: nimekula? La pili: kwa nini nimekonda? Halafu akanipa kopo la mafuta ya kupaka, maana hewa ya Dodoma inapasua midomo ya mtu wa Pwani kabla hajafika nyumbani. Njiani alinionyesha majengo, huyu kajenga, yule kauza kiwanja akanunua kingine Ihumwa karibu na Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nilikuwa nimezoea kumsikia akiiita Dar es Salaam "nyumbani". Safari hii alisema "huko kwenu".

Kwake ni Nzuguni. Ua umesakafiwa nusu, simtanki lipo juu ya mnara wa matofali, na kwenye kona kuna mizabibu mitatu aliyoipanda mwenyewe na anayoisemesha jioni. Zuhura sasa yuko sekondari na amekuwa mtu wa huku. Anajua kuzima bomba kabla maji hayajaanza kutoka na upepo, anakula ugali wa uwele kwa mlenda bila kulazimishwa, na ananisahihisha ninaposema "mjini" nikimaanisha Kariakoo. Majirani wanamwita mama "Mama Zuhura". Tabata, mpaka leo, ni Mama Idrisa. Nilisimama mlangoni na begi langu nikisikia mtu anamwita mama yangu kwa jina la mdogo wangu, nikaona wivu wa kitoto ambao sikuutegemea.

Chakula cha usiku wa pili kilikuwa na agenda. Uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulikuwa unafungwa tarehe 20 Oktoba, uchaguzi wenyewe ni tarehe 27 Novemba, na baba alikuwa kwenye simu, kaegeshwa juu ya hotipoti.

"Idrisa ajiandikishe huku kabla hajaota mizizi huko," baba akasema. "Huku anajulikana. Na mwenyekiti anayegombea ni mteja wangu."

"Atapiga kura kwa treni?" mama akamjibu. "Orodha hii ni ya wakazi wa mtaa. Analala wapi?"

"Kalala hapo siku moja!"

"Basi ni siku moja zaidi ya wewe."

Zuhura akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilisema nina kadi ya mpiga kura tayari, mama akanieleza kwa subira ya mtumishi aliyeeleza hilo kwa watu wengi: kadi ni ya Daftari la Kudumu, la kumchagua Rais, mbunge na diwani, mwenyekiti wa mtaa ana orodha yake, inaandikwa upya. Bibi aliomba simu. Yeye alishajiandikisha Tabata tangu siku ya kwanza, alikwenda na mkongojo. "Mwenyekiti," aliniambia, "ndiye mtu ambaye ukimkuta njiani unaweza kumshika kanzu."

Asubuhi nikaenda. Kituo kilikuwa chini ya turubai, kuna meza, karani, na kando yake mjumbe wa eneo akiwa na fimbo na redio. Karani aliniuliza jina, umri na nimehamia lini. Niliposema juzi, akainua kichwa na kumtazama mjumbe.

"Huyo wa kwa Mama Zuhura," mjumbe akasema. "Shati lake nililiona juzi kwenye Fuso, limening'inia kwenye feni."

Karani akaandika. Nikatia saini, nikawa mkazi. Nilikuwa nageuka kuondoka mjumbe akaniita tena: Jumamosi saa nne kuna mkutano wa mtaa, watajadili barabara ya kuingia huku ndani, ambayo Fuso lililoleta vyombo vyangu lilikwama humo, na zamu za maji. Vijana hawajagi, akalalamika, halafu wanalaumu.

"Nitakuja mzee."

"Uje na kiti chako. Vya ofisi ni vitatu."