Rutuba ya shamba haina wastani

Watu wanapenda kuuliza, eti nitajuaje shamba hili lina rutuba, na anayeuliza anataka jibu la neno moja tu, zuri au baya, basi akalime au aachane nalo. Wengi wanaangalia rangi, udongo ukiwa mweusi wameshamaliza. Mi sikatai, weusi mara nyingi unaletwa na mboji, ila kuna ule mfinyanzi mweusi tii ambao mboji yake ni kidogo tu, kiangazi unapasuka nyufa za kupitisha mkono na mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe mpaka unakoma.

Anza na vidole. Loanisha udongo kiganjani, ukande mpaka ulainike, alafu usukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Ukikatika kabla ya sm 2.5 huo ni tifutifu au una mchanga mwingi, ukipita sm 5 bado haujakatika huo ni mfinyanzi. Hapo hujamlipa mtu na umeshapata picha kama shamba litashika maji na mbolea au kila mvua kubwa itazamisha vyote chini mizizi isikofika.

Kwenye virutubisho sasa inabidi maabara, na watu wanaharibia kwenye sampuli. Hekta moja kwa kina cha sm 20 ni udongo kama tani 2,600 hivi, na maabara inapima gramu chache tu, kwa hiyo ukichota sehemu moja karibu na njia umepima njia. Chota sehemu 15 mpaka 20 ukienda zigizaga, kwepa kichuguu, chini ya miti na palipokuwa na rundo la samadi au palipochomwa majani, changanya vizuri kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya bati inaacha zinki kwenye udongo, kipimo kinadanganya) ndo utoe nusu kilo. Na kama juu mlimani udongo ni mwekundu na bondeni ni mweusi, hizo ni sampuli mbili bana.

Majibu yakija kila kirutubisho kina daraja lake, chini, kati, juu, na mtu anaanza kujumlisha kama ripoti ya shule: naitrojeni juu, potasiamu juu, fosforasi chini, aah si mbaya. Hapana! Kile kilichopungua zaidi ndicho kinachobana mavuno, hata vingine vijae vipi. Na daraja la chini maana yake ni kwamba ukiongeza hicho kitu mmea una uwezekano mkubwa wa kuitikia, kwa hiyo wala sio habari mbaya, umeonyeshwa pa kuweka hela.

Mi jicho langu linaanza na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, namba ikiwa ndogo udongo ni mchachu zaidi. Ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi inanaswa na chuma na hiyo hiyo alumini, unamwaga mbolea mmea hauioni. Hapo chokaa kwanza, mapema kabla ya kupanda maana haifanyi kazi siku moja.

Alafu ukirudia kupima baada ya miaka kadhaa, pima msimu ule ule na uangalie njia iliyotumika, Bray na Olsen ni njia mbili za maabara za kupima fosforasi, na majibu yake hayalinganishwi, kila moja inaitoa kwenye udongo kwa dawa tofauti.