Dawa kidogo, filamu safi

Wapenzi wa kamera za filamu hapa Nairobi, kama unaagiza dawa za kusafishia filamu kutoka nje kama mimi, jaribu mashine ya kuzungusha tangi la kusafishia. Tangi la Jobo 1520 hubeba filamu mbili za milimita 35. Likisimama linataka mililita 485 za dawa. Likilala na kuzunguka, 240 zinatosha, maana filamu inapita kwenye dawa kila mzunguko. Nusu nzima imeokolewa!

Ila developa, dawa inayotoa picha kwenye filamu, usiipunje kupita kiasi. Kwa developa ya XTOL isiyozimuliwa, hakikisha kila filamu imepata angalau mililita 100, la sivyo picha zitatoka hafifu.

Fiksa, dawa ya kukaza picha isifutike, nairudisha chupani. Ikichoka siimwagi kwenye sinki kamwe, ina madini ya fedha. Negativu za jana za Soko la Gikomba zimetoka kali ajabu, nimefurahi mno.