Aidini na uji wa muhogo

Siku ya vidonge vya kichocho hapa skuli, mtoto mmoja wa Darasa la Sita alisimama kwenye mti wa kupimia urefu, akahesabiwa vidonge vyake, akavimeza uso umemkunjana. Kisha akanifuata. "Mwalimu, hichi kidonge kinamjuaje mdudu?"

Mimi ni mtoto wa Pemba. Nimeoga mtoni, nimekojoa damu, nimemeza prazikwanteli, ndiyo hiyo dawa ya kichocho, mara nyingi wala sikuwahi kuuliza hivyo. Wataalamu wenyewe walikaa miaka. Dawa imepatikana miaka ya 1970, lakini mlango inaoushika mwilini mwa mnyoo, yaani protini inayopitisha kalsiamu kuingia ndani ya seli, umejulikana mwaka 2019, kule Marekani. Walizifanya seli za maabara zitengeneze mlango huo, wakazitia rangi inayong'aa kalsiamu ikiingia, wakaongeza dawa kidogo kidogo huku wakipima mwanga.

Ila mwanga ule hupima kazi ya dawa, si mshiko wenyewe, na mimi nilitaka mtoto auone mshiko. Nikapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, nikauacha upoe, nikaufunga kwenye plastiki laini na kuuzamisha katika glasi ya maji yenye matone ya aidini. Wanga ni mkubwa, hautoki. Aidini ni ndogo, inapenya. Tukangoja. Uji ukageuka buluu iliyoiva hadi weusi, maji ya nje yakapauka.

"Umeona? Haikuutafuta uji. Imezunguka kote, ikabaki iliposhikwa."

Maabara hufanya hivyo hivyo: utando katikati, protini upande mmoja, dawa ipite itakavyo. Ikishatulia, unapima dawa pande zote mbili. Nje ipo dawa huru tu. Kwenye protini ipo huru pamoja na iliyoshikwa. Unatoa hesabu ya nje kwenye hesabu ya upande wa protini, unapata iliyoshikwa. Unarudia kwa viwango tofauti mpaka ujue ni kiasi gani cha dawa huru kinachojaza nusu ya nafasi. Kiasi hicho kikiwa kidogo, dawa imeng'ang'ania kweli.

Kinachonishangaza mimi ni fasiola, mnyoo wa ini la ng'ombe. Naye ana mlango kama ule, lakini asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja kati ya vinavyoiunda protini, imebadilika pale dawa inapokaa, basi prazikwanteli haimfanyi kitu. Moja tu!

Mtoto aliinua glasi dirishani, akaitazama, akataka turudie kwa uji mzito zaidi. Unga ulikuwa umekwisha. Kesho atakuja nao kutoka kwao.